Vihusishi vya Kiingereza: kwa nini tunasema "discuss about" na "wait me", na namna ya kurekebisha

"Nisubiri stendi." Maneno mawili yanatosha, kila mtu ameelewa. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ni "Wait for me at the bus stand", na kinachodondoka kila mara ni "for". Anayefikiri kwa Kiswahili huandika "Wait me", kwa sababu ile "ni-" ya "nisubiri" imeshamtaja anayesubiriwa, na hakuna pengo linalomwambia kuna neno limebaki.

Makosa ya vihusishi, yaani maneno madogo kama "for", "to" na "with", tunayofanya si ya kubahatisha. Yana mpangilio, na karibu kila kosa unaweza kuonyesha ni kipande gani cha sarufi ya Kiswahili kilichokupeleka huko. Ndiyo maana kukariri orodha ndefu za vitenzi na vihusishi vyake hakusaidii sana. Ukijua ni wapi hasa Kiswahili kinakuvuta, unabaki na makundi machache ya kuangalia kwa makini, na mengine yanajipanga yenyewe kadiri unavyosoma.

Tuanze na kundi la "nisubiri". Vitenzi vya Kiswahili kama subiri, sikiliza, angalia, cheka, tafuta na omba vinamshika mtu au kitu moja kwa moja. Kwa Kiingereza wenzao hawawezi kusimama bila kihusishi: "wait for me", "listen to me", "look at me", "he laughed at me", "I am looking for my phone", "ask for help". "Amenicheka" haiwezi kuwa "He laughed me". "Nisikilize" haiwezi kuwa "Listen me". Vitenzi hivi sita vinatumika kila siku, na ukivirekebisha hivi tu, Kiingereza chako cha mazungumzo kinabadilika mara moja.

Kisha kuna kauli ya kutendea, ambapo kihusishi kimeingia ndani ya kitenzi chenyewe. "Nilipe" ni "pay me", lakini "nilipie" ni "pay for me". Herufi moja ya Kiswahili imebeba neno zima la Kiingereza. Vivyo hivyo "nibebee" ni "carry it for me", "niandikie" ni "write to me", "nisomee" ni "read to me" mtu akitaka asomewe hadithi, na ni "read it for me" mtu akiwa amesahau miwani. Hapa kuna jambo la kuzingatia: "-ia" au "-ea" yetu haituambii kama ni "to" au "for". Kipimo kinachofanya kazi ni kujiuliza kitu kinaelekea wapi. Kama ujumbe au kitu kinamfikia mtu huyo, tumia "to". Kama unafanya kazi kwa niaba yake au kwa faida yake, tumia "for". "I wrote a letter to my mother" maana yake mama ndiye mpokeaji. "I wrote a letter for my mother" maana yake mama hakuweza kuandika, ukamwandikia barua ya kwenda kwa mtu mwingine. Kwa Kiswahili zote mbili zinaweza kuwa "nilimwandikia mama barua", na muktadha ndio unaoamua.

"Explain me" na ndugu zake

"Nieleze" na "nielezee" vimezaa "explain me", na pengine hili ndilo kosa gumu zaidi kung'oa, kwa sababu "tell me", "show me", "give me" na "send me" zote ni sahihi. Mtu anaona "tell me the reason" inakubalika, anauliza kwa haki kabisa kwa nini "explain me the reason" ikataliwe.

Kuna dalili nzuri inayosaidia: mkazo wa sauti. Vitenzi vinavyoruhusu mtu afuate moja kwa moja kisha kitu mara nyingi ni vya silabi moja, au mkazo wake uko kwenye silabi ya kwanza: give, send, tell, show, bring, buy, find, lend, offer, promise. Vinavyokataa mara nyingi mkazo wake uko mbele zaidi: explain, describe, suggest, announce, confess, introduce. Hivyo basi ni "explain the reason to me", "describe the house to me", "suggest a hotel to me", "introduce me to your manager". Si kanuni isiyovunjika. "Say" ina silabi moja lakini inakataa: ni "he said to me" au "he told me", kamwe si "he said me". "Mention" nayo inakataa ingawa mkazo wake uko mwanzoni. "Assign" inakubali, unaweza kusema "they assigned me a desk". Hata hivyo dalili hii itakuokoa mara nyingi kuliko itakavyokuangusha.

Jambo jingine la kundi hili: usimwache "to me" akachukua nafasi ya kitu. Mpangilio ni kitenzi, kitu, kisha "to" na mtu. "Explain to me the reason" inasikika tu pale kitu chenyewe ni kirefu, kwa mfano "Explain to me why the payment was delayed". Kitu kikiwa kifupi, kitangulize.

"-ana na" inakuongezea "with" isiyotakiwa

Hapa kosa linageuka. Badala ya kudondosha kihusishi, tunaongeza kisichohitajika. Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyoishia na "-ana", na vitenzi hivyo hudai "na" baada yake: kuwasiliana na, kufanana na, kukutana na, kuungana na, kukabiliana na, kuoana na. Ile "na" inatafsiriwa "with" bila mtu kujua, na matokeo yake ni "contact with", "resemble with", "join with", "face with", "marry with".

Vitenzi hivi vya Kiingereza havitaki kitu kati yake na jina linalofuata. "Please contact our office." "She resembles her aunt." "Join us at eight." "We face many problems." "He married a nurse." Mtangazaji akisema "ungana nami saa mbili usiku", kwa Kiingereza ni "join me at eight", basi. "Meet" ni ya kipekee kidogo: "I met him at the market" ni kukutana kwa kawaida, na "I met with the manager" hutumika kwa kikao kilichopangwa, hasa katika Kiingereza cha Marekani. "Face" nayo inapata "with" pale tu inapokuwa katika kauli ya kutendwa: "We are faced with a shortage of water."

Kwenye ndoa tuwe waangalifu zaidi, kwa sababu kosa linabadilisha maana. Mtu aliyeoa au kuolewa ni "married to" fulani: "She is married to Ali." Kiswahili kinasema "ameolewa na Ali", na "na" ya kauli ya kutendwa kwa kawaida ni "by". Lakini "She was married by Sheikh Ali" inamaanisha shehe ndiye aliyefungisha ndoa. "Married with" nayo ipo, ila ina kazi nyingine: "He is married with two children" maana yake ameoa na ana watoto wawili.

"It depends with the weather" inatoka hapa hapa, ingawa kitenzi hakina "-ana". Wengi tunasema "inategemea na hali ya hewa", na hiyo "na" inavuka mpaka. Kiingereza ni "depend on", na "rely on" vilevile. Ukitaka jibu fupi, "It depends" peke yake inatosha.

Upo upande wa pili wa kundi hili ambao unapaswa kukutuliza: vipo vitenzi ambavyo "na" yetu inalingana kabisa na "with". "Agree with", "argue with", "quarrel with", "compete with", "deal with", "cope with". Hiyo ya mwisho watu huiongezea "up", wakaandika "cope up with the workload". Toa "up".

Vitenzi virefu huwa vimemeza kihusishi

Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na watawala kwa muda mrefu, na maneno yake mengi, pamoja na mengine ya Kilatini, yakaingia Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba kwa jambo moja Kiingereza mara nyingi kina vitenzi viwili: kimoja kifupi cha asili, kinachotaka kihusishi, na kingine cha asili ya Kifaransa au Kilatini, kinachojitegemea. "Talk about" na "discuss". "Ask for" na "request". "Wait for" na "await", ingawa hivi vyote viwili vina asili ya Kifaransa. "Go into" na "enter". "Go with" na "accompany". "Look like" na "resemble". "Look into" na "investigate". "Put up with" na "tolerate".

Kosa linatokea mtu anapochukua kitenzi kirefu na kukiwekea kihusishi cha mwenzake kifupi. Hivyo ndivyo zinavyozaliwa "discuss about", "request for", "await for" na "enter into the room". Ukichagua kirefu, usirudishe kihusishi. Ukichagua kifupi, usikisahau.

Tahadhari mbili. "Enter into" ni sahihi ukizungumzia makubaliano: "The two parties entered into an agreement." Wanasheria wanaitumia kila siku, na hawajakosea. Pia si kila kitenzi kirefu kinajitegemea: "consist of", "refer to", "participate in", "comply with", "object to" na "apply for" vyote vinataka kihusishi. Angalia jozi hizi zinazopishana: "comprise" haitaki "of" lakini "consist" inaitaka. "Obey the rules" lakini "comply with the rules". "Attend the meeting" lakini "participate in the meeting". "Attend to" nayo ipo, na maana yake ni kuhudumia au kushughulikia: "The nurse is attending to a patient." Ukiandika "I attended to the meeting" unasema uliushughulikia mkutano, si kwamba ulikuwepo.

Chanzo cha pili cha kosa hili, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa zaidi katika barua za ofisini, ni nomino. Neno lile lile, au ndugu yake wa karibu, likiwa nomino huchukua kihusishi, likiwa kitenzi halichukui. Unasoma "a request for leave" kwenye fomu, kisha unaandika "I request for leave". Umechanganya mbili. Sahihi ni "I request leave" au "I am making a request for leave". Vivyo hivyo: "We discussed the budget", lakini "a discussion about the budget". "The report emphasises safety", lakini "an emphasis on safety". "They demand payment", lakini "a demand for payment". "The village lacks water", lakini "a lack of water". "You can access the file", lakini "access to the file". "The drought affected farmers", lakini "the effect on farmers". "He visited Mombasa", lakini "a visit to Mombasa". Kipimo ni chepesi: kama kabla ya neno kuna "a", "the", "my" au "our", hiyo ni nomino, weka kihusishi. Kama kabla yake kuna "I", "we", "they" au "to", ni kitenzi, kiondoe.

"Kusisitiza" kunaleta mkanganyiko wake wa ziada, kwa sababu Kiingereza kina "emphasise", isiyotaka kihusishi, na "insist on", inayotaka. "She insisted on paying." "She emphasised the need to pay early." Ukikaza jambo litendeke, ni "insist on". Ukitilia mkazo hoja, ni "emphasise".

Kutafsiri "kwa"

Kihusishi kinachotusumbua kuliko vyote ni chetu wenyewe. "Kwa" inafanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa kwa vihusishi vingi. Kukata kwa kisu ni "cut with a knife". Kusafiri kwa basi ni "travel by bus", bila "a" wala "the". Kwenda kwa miguu ni "go on foot". Kuandika kwa Kiingereza ni "write in English". Kwenda kwa daktari ni "go to the doctor". Kununua kwa shilingi 10,000 ni "buy it for 10,000 shillings". Kukaa kwa siku mbili ni "stay for two days". Kulipa kwa fedha taslimu ni "pay in cash", na kwa kadi ni "pay by card".

Katika kauli ya kutendwa, "na" na "kwa" zikikutana zina mgawanyo safi: "Mbuzi alichinjwa na Juma kwa kisu" ni "The goat was slaughtered by Juma with a knife". Mtendaji ni "by", kifaa ni "with".

Mahali pa kuona ugumu wa "kwa" kwa ukaribu ni habari za mahakamani. Kwa Kiswahili mtu alikamatwa kwa wizi, akashtakiwa kwa wizi, akatiwa hatiani kwa wizi. Kihusishi kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho wa kesi. Kwa Kiingereza kila hatua ina chake: "arrested for theft", "accused of theft", "charged with theft", "pleaded guilty to theft", "convicted of theft", kisha "sentenced to three years in prison". Akikata rufaa, ni "appealed against the sentence" kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kinachofuatwa kwenye magazeti yetu mengi. Wamarekani husema "appealed the sentence" bila kihusishi. Na "charge" ikiwa nomino hubadilika tena: "charged with theft" lakini "on a charge of theft". Anayeandika habari za mahakama azikariri hizi kwa mpangilio wa kesi yenyewe. Zikipangwa hivyo zinashika.

Kwenye shukrani, lawama na adhabu, "kwa" mara nyingi ni "for": "thank him for", "blame her for", "punish them for", "praise you for". Anayetoka nje ya mstari ni "congratulate". "Nakupongeza kwa kufaulu" ni "I congratulate you on passing", na "Hongera kwa kazi mpya" ni "Congratulations on your new job".

Kufa nako kuna mgawanyo: "die of malaria", "die from his injuries", "die in an accident". "Alikufa kwa ajali" isiwe "He died by accident", maana "by accident" ni "bila kukusudia".

Mahali: "-ni" haisemi unatoka au unaenda

"Yuko shuleni, ameenda shuleni, ametoka shuleni." Neno "shuleni" halijabadilika hata kidogo. Mwelekeo umebebwa na kitenzi. Kiingereza kinaweka mwelekeo kwenye kihusishi: "at school", "to school", "from school". Makosa mabaya yanatokea kwenye kutoka, kwa sababu kiambishi chetu kinatuvuta kuelekea "in" na "on". "Alikunywa maji kwenye glasi" inageuka "drank water in a glass", ilhali ni "from a glass". "Alitoa pesa mfukoni" ni "took money out of his pocket". "Alianguka mtini" ni "fell out of the tree". "Amechukua kitabu mezani" ni "took the book from the table". Ukisema "took the book on the table" sentensi inasimama, lakini inaelezea ni kitabu kipi, kile kilicho mezani, na haisemi kimetolewa wapi.

Kufika ni jambo jepesi ukilijua. "Arrive" haikubali "to". Ni "at" kwa sehemu kama stendi, uwanja wa ndege au hoteli, na "in" kwa jiji au nchi: "arrived at the airport", "arrived in Nairobi". "Reach" haitaki kihusishi: "reached Nairobi". "Get" inataka "to": "got to Nairobi". Na maneno home, here, there na abroad hayataki kihusishi baada ya vitenzi vya kwenda: "go home", "come here", "travel abroad". Ukiongeza "my" au "his", kihusishi kinarudi: "go to his house".

Kitenzi kimoja, vihusishi vingi

Baadhi ya vitenzi hubadilisha maana kabisa kulingana na kinachofuata. Vitatu vinastahili kukaa navyo.

"Pay". Kinachofuata kikiwa ni kiasi kinachodaiwa, yaani ada, nauli, kodi, faini, deni au bili, hakuna "for": "pay the fees", "pay the fare", "pay the rent". Kikiwa ni kitu ulichonunua au huduma uliyopata, weka "for": "pay for the ticket", "pay for the food", "pay for the damage". Ndiyo maana "pay for the school fees" ni kosa. Unalipa "school fees", au unalipa "for your sister's education".

"Ask". Kuuliza hakutaki kihusishi kabla ya mtu: "He asked me a question." Kuomba kitu kunataka "for" kabla ya kitu: "He asked me for money." "Aliniomba pesa" ikiandikwa "He asked me money" imepoteza kihusishi hicho. Kuulizia hali au habari ni "about": "She asked about your health."

"Agree". Unakubaliana na mtu au maoni, "agree with". Unakubali pendekezo au sharti, "agree to". Mnafikia mwafaka juu ya jambo, "agree on": "We agreed on a date." Mtu anaweza "agree to" mpango bila "agree with" aliyeuleta.

Kuiba nako kuna mtego. "Ameniibia simu" si "He stole me my phone". "Steal" inafuatwa na kitu: "He stole my phone", au "stole the phone from me". "Rob" inafuatwa na mtu: "He robbed me of my phone". Kila mmoja na njia yake.

"Pick me at the stage" na "drop me here" zinasikika kila siku mjini, lakini "pick" bila "up" ni kuchagua au kuchuma, na "drop" bila "off" ni kuangusha. "Pick me up" na "drop me off" ndizo sahihi. Kiwakilishi hukaa katikati, "pick me up", kamwe si "pick up me". "Up" na "off" hapa si vihusishi halisi. Kihusishi halisi hutangulia kiwakilishi: ni "look after me", si "look me after".

Kihusishi kinachobaki mwishoni

Kiswahili kina "naye", "nacho", "-mo-" na "-po-" vya kubeba uhusiano ndani ya sentensi. "Mtu niliyeongea naye", "nyumba ninamoishi". Kwa Kiingereza kihusishi kinabaki peke yake nyuma, na kwetu kinaonekana kama kimesahauliwa, tunakifuta. "The person I spoke" haijakamilika, ni "the person I spoke to". "The house I live" ni "the house I live in". "Who are you waiting?" ni "Who are you waiting for?" Kauli ya kutendwa ni hivyo hivyo: "alichekwa" ni "he was laughed at", "mtoto alitunzwa vizuri" ni "the child was well looked after". Ukimaliza kuandika sentensi yenye "who", "which" au "that", igeuze kichwani iwe sentensi ya kawaida, "I spoke to the person", uone kama kuna neno lililobaki nje.

"To" inayotaka "-ing"

"I look forward to hear from you" imefunga barua pepe nyingi za kuomba kazi. "To" ya hapa ni kihusishi, si ile ya mwanzo wa kitenzi, na baada ya kihusishi kitenzi huchukua "-ing": "I look forward to hearing from you." Namna ya kupima: weka "it" baada ya "to". "I look forward to it" inaleta maana, kwa hiyo "-ing". "I want to it" haileti maana, kwa hiyo kitenzi kinabaki kilivyo, "I want to hear". Kipimo hiki kinafanya kazi pia kwa "object to", "be used to", "be committed to" na "lead to".

Unaponakili kitenzi kipya, usikiandike peke yake. Andika kitenzi, kihusishi na mfano wa kinachofuata: "apply to a company for a job". Kamusi nzuri za wanaojifunza Kiingereza zinaonyesha umbo hili kwa vifupisho: "sb" ni mtu na "sth" ni kitu. Ukiona "explain sth to sb", umepewa kila kitu unachohitaji, pamoja na mpangilio. Angalia umbo hilo kabla hujaangalia maana.

Sasa barua pepe hii, ambayo ina karibu kila kitu: "I am writing to request for a meeting to discuss about the delay of payment. I tried to contact with your office but nobody explained me the reason. I also asked the accountant a letter, but the man I spoke told me to wait. I look forward to hear from you."

"Request" ina "to" mbele yake, ni kitenzi, "for" inatoka. "Discuss" inatoa "about". "Delay" hapa ni nomino, na kinachofuata ni "in": "the delay in payment". "Contact" inatoa "with". "Explained" inadai "to me", na kitu kitangulie. Kuomba barua ni "asked for". "The man I spoke" inadai "to". Mwisho ni "hearing". Inabaki hivi: "I am writing to request a meeting to discuss the delay in payment. I tried to contact your office but nobody explained the reason to me. I also asked the accountant for a letter, but the man I spoke to told me to wait. I look forward to hearing from you."